Tuktuk: Kuunda ama Kununua Iliyo Tayari? Hesabu Tulizopiga Kibokoni

Jioni moja baada ya Isha, ami yangu alinipigia simu akaniambia, "Njoo barazani, mwanangu, tuna kikao." Kikao kwetu Kibokoni ni watu watano, kahawa chungu, sahani ya kashata na mtu mmoja ambaye hakubaliani na wenzake. Safari hii waliniita mimi kwa sababu, kwa maneno ya ami, "wewe umesomea mambo ya biashara." Ukweli ni kwamba nilisomea masoko. Nyanya yangu mpaka leo anaamini nilikaa chuoni miaka minne nikijifunza kuuza vitunguu Marikiti. Lakini ukiitwa na wazee huwezi kukataa.

Ajenda ilikuwa binamu yangu. Kwa miaka minne ameendesha tuktuk ya mtu mwingine. Kila jioni anapeleka hesabu ya shilingi 800 kwa mwenye tuktuk, inayobaki baada ya mafuta ni yake. Ameweka akiba kidogo kidogo kwenye simu, na siku hiyo alikuwa na shilingi 140,000. Pesa hizo zote ni jasho lake, hakuna mjomba wa Muscat aliyetuma. Sasa alitaka tuktuk yake mwenyewe, na swali lilikuwa: aunde, ama anunue iliyo tayari?

Kama unaendesha tuktuk, ama unafikiria kuingia kwenye biashara hii, swali hili utalikuta. Na ukiulizauliza mjini, kila mtu ana jibu lake na ana uhakika nalo kabisa. Mimi sitakupa jibu. Nitakuonyesha hesabu zetu na makosa tuliyokaribia kuyafanya, hasa moja ambalo lingemaliza shilingi 15,000 kwa sekunde tatu.

Kuunda tuktuk ni kufanya nini hasa?

Tusidanganyane, hakuna mtu anayetengeneza tuktuk kutoka mwanzo pale Majengo. Kuunda maana yake ni kuchukua mzoga, yaani chesisi na bodi ya tuktuk iliyokufa, halafu kutafuta injini (au kufufua ile iliyopo), kuchomelea palipooza, kupiga rangi, kuweka turubai, viti, tairi, nyaya, na kuirudisha barabarani. Vipande unanunua kimoja kimoja.

Na si jambo la kuonea aibu. Tuktuk yenyewe ilizaliwa hivyo hivyo. Mwaka 1948 kampuni ya Piaggio ya Italia ilitoa Ape, jina ambalo kwa Kiitaliano ni nyuki. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa helikopta, na ndiye aliyechora ile pikipiki ya Vespa iliyotoka 1946. Italia ilikuwa imechoka na vita, watu hawakuwa na pesa za lori, basi Vespa ikaongezwa gurudumu la tatu na sanduku la mizigo. Baadaye Bajaj wa India wakapewa leseni ya kuunda hizo hizo, na ndiyo maana ukivuka mpaka kwenda Dar es Salaam, hakuna tuktuk, kuna bajaji.

Hata kampuni kubwa huunda kwa vipande. Hapa hapa Mombasa, kule Miritini, kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kimekuwa kikiunganisha magari tangu miaka ya 1970, vipande vikishuka bandarini ndani ya makontena. Sababu kubwa ni kodi: ushuru wa vipande ni mdogo kuliko ushuru wa gari lililokamilika. Waingereza walilijua hilo zamani. Kigari chao cha Lotus Seven, kilichoanza kuuzwa 1957, wengi walikinunua vipande vipande na kukiunganisha nyumbani, kwa sababu gari kamili lilitozwa kodi ya mauzo na vipande havikutozwa. Kodi ya ongezeko la thamani ilipokuja 1973, raha hiyo ikaisha.

Lakini angalia tofauti. Kiwanda na yule Mwingereza walipata vipande vyote kwa pamoja, vipya, vinavyolingana. Binamu yangu angepata pistoni kwa huyu, tairi kwa yule, na chesisi ambayo hatujui imepita wapi. Na hata ukiwa na wataalamu, gari la kwanza si kazi. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaomba Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya. Nyayo Pioneer zilionyeshwa 1990, magari matano. Ya sita haikutoka. Pesa za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana.

Hilo la pesa kuisha katikati ya njia ndilo lililonifanya niombe kalamu na karatasi.

Njia tatu, akiba moja

Nitakupa nambari zetu. Ni za siku tulizouliza na kwa watu tuliowauliza, kwa hivyo usizichukue kama bei ya soko. Weka zako, lakini fuata mpangilio.

Njia ya kwanza, mpya kwa mkopo. Tuliambiwa shilingi 450,000. Malipo ya mwanzo 135,000, halafu 18,500 kila mwezi kwa miezi 24. Zidisha: 18,500 mara 24 ni 444,000. Ongeza 135,000, unapata 579,000. Yaani unalipa 129,000 zaidi ya bei ya pesa taslimu.

Barazani walishtuka, lakini mimi nilitaka waangalie upande mwingine. Ukigawanya 18,500 kwa siku 26 za kazi, ni kama 712 kwa siku. Binamu tayari anapeleka 800 kwa bosi. Kwa hivyo ni kama anahamisha hesabu kutoka kwa bosi kwenda kwa mkopeshaji, na baada ya miaka miwili tuktuk ni yake. Bila shaka bima, sevisi na matengenezo, ambayo saa hii ni mzigo wa bosi, yatakuwa juu yake. Hata hivyo si mpango mbaya. Watu wengi wanaukataa kwa sababu wanaangalia jumla pekee.

Shida ilikuwa mbili. Moja, akishalipa 135,000 anabaki na 5,000. Mvua ya masika ikija na abiria wapungue, ama mtoto augue wiki moja, hana mto wa kulalia. Miezi miwili ya kuchelewa na tuktuk inachukuliwa. Mbili, ami akasema kwa sauti ya chini, "Riba siitaki nyumbani mwangu." Na hapo hakuna hesabu ya kumjibu mzee.

Nikasema kwamba Kenya imekuwa na benki zinazofuata sharia tangu 2008, Gulf African Bank ikiwa mojawapo, na kwamba kwenye murabaha benki inanunua kitu chenyewe halafu inakuuzia kwa bei ya juu iliyo wazi tangu siku ya kwanza. Ami akatikisa kichwa kwamba hilo anaweza kulisikiliza. Lakini malipo ya mwanzo yangebaki, na zile 5,000 zingebaki zile zile. Tukaliweka pembeni.

Njia ya pili, ya mtumba iliyo tayari, inatembea, ina logibuku. Tuliyoipenda iliulizwa 230,000. Binamu ana 140,000, amepungukiwa na 90,000. Kwa kawaida anaweka 15,000 kwa mwezi, kwa hivyo ni miezi sita ya kusubiri. Chama chake kilikuwa kimetoka kugawana pesa za mwaka, hakikuwa na cha kumkopesha.

Njia ya tatu, kuunda.

Fundi huhesabu kile anachokiona

Fundi wa kwanza tuliyemuuliza alisema, "Laki na ishirini, kazi imekwisha." Akahesabu kwa vidole: mzoga 50,000, injini kufunguliwa na kurudishwa 38,000, chuma na rangi 32,000. Kweli, ni 120,000. Binamu akanitazama kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Nikamuuliza fundi: na tairi? "Aa, tairi hizo mtanunua." Na viti? "Hizo ni zenu." Betri? Basi tukaanza kuandika vile ambavyo "ni vyetu". Turubai na viti 11,000. Tairi nne pamoja na ya akiba, 14,000. Breki, shokapu na nyaya 13,000. Betri, starta na taa 12,000. Na ujira wa fundi mwenyewe, ambao hakuwa ameutaja, 20,000. Hizo zilizosahauliwa peke yake ni 70,000. Laki na ishirini ikawa laki na tisini kabla kahawa haijapoa.

Sidhani kwamba fundi alitaka kutudanganya. Yeye anahesabu kazi yake, na wewe unatakiwa uhesabu tuktuk nzima. Njia rahisi niliyoipata ni hii: nenda kwenye tuktuk nzima iliyoegeshwa, izunguke taratibu kuanzia taa ya mbele, na uandike kila kitu unachokigusa. Hata kioo cha pembeni. Hata kufuli. Halafu mpe fundi karatasi hiyo aweke bei, mstari kwa mstari.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye karatasi ya fundi, nayo ni siku. Fundi alisema wiki sita. Mimi niliandika tisa. Wiki tisa kwa siku sita ni siku 54. Katika siku hizo binamu bado anaendesha ya bosi na anapeleka 800. Lakini zile 800 zote si faida ya bosi, kwa sababu bosi analipa bima na spea. Tukasema 300 ni za matengenezo, 500 ndizo ambazo zingebaki kwa binamu kama tuktuk ingekuwa yake. Siku 54 mara 500 ni 27,000. Ongeza kwenye 190,000, unapata 217,000.

Kumbuka ya mtumba iliyo tayari ilikuwa 230,000. Kwa hivyo ukihesabu kwa haki, faida ya kuunda ni 13,000 tu. Hapo jirani yetu mmoja, ndiye yule asiyekubaliana, akasema, "Basi mnajisumbua bure!"

Angekuwa sawa kama binamu angekuwa na 230,000 mfukoni siku ile. Hakuwa nazo. Kusubiri miezi sita ili azifikishe pia kuna bei yake: siku 156 za kazi mara 500 ni 78,000. Hilo hatukuwa tumelipiga hesabu, na nadhani ndilo linalofanya watu wa kwetu waunde vitu. Pesa zetu haziji kwa pamoja. Tazama nyumba zinavyojengwa huku Pwani: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, paa Mungu akipenda. Kuunda kunakubali pesa inayokuja kwa vipande. Ndiyo raha yake, na hatari yake ni hiyo hiyo, kwa sababu nyumba ya kuta bila paa angalau haipati kutu.

Shilingi 15,000 na jina lisilofanana

Kabla ya kikao kile, binamu alikuwa ameona tangazo kwenye simu: mzoga wa tuktuk, 40,000, "logibuku ipo, bei ya haraka". Muuzaji alikuwa mpole sana. Akasema kuna mtu mwingine anakuja asubuhi, kwa hivyo tuma 15,000 nikushikilie.

Binamu aliniambia hili kwa aibu. Alikuwa ameandika namba, ameandika kiasi, amebakiza PIN. Kwenye skrini likatokea jina la mtu ambaye si yule aliyejitambulisha. Akapiga simu kuuliza. "Hiyo ni laini ya mke wangu." Labda ni kweli. Lakini jina lilikuwa la mwanamume.

Akasimama hapo. Na akafanya jambo la busara ambalo wengi hatulifanyi kwa sababu tunadhani ni la matajiri: aliomba namba ya usajili, akaingia eCitizen kwenye huduma za NTSA, akatafuta rekodi ya tuktuk ile. Ada yake ni ndogo, na malipo ya serikali yanapitia namba moja, 222222, si kwenye simu ya mtu yeyote. Majibu yalipotoka, tuktuk ilikuwa imesajiliwa kwa majina mawili: la mwenye nayo na la mkopeshaji. Maana yake mkopo bado upo, na mkopeshaji ana haki juu yake. Hata kama yule bwana alikuwa mkweli kwa kila kitu kingine, hakuwa na uwezo wa kuiuza. Binamu angeweza kuunda tuktuk nzuri kwa 190,000 halafu ikachukuliwa mchana kweupe mbele ya Posta, na sheria ingekuwa upande wa anayeichukua.

Kwa anayeunda, jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa anayenunua iliyo tayari. Tuktuk inayotembea kila siku ina bima, ina ukaguzi, imeonekana na trafiki. Mzoga umelala nyuma ya nyumba, hakuna anayeuuliza maswali. Namba ya chesisi kwenye chuma lazima ifanane na ile ya logibuku. Chukua tambara, futa grisi, soma kwa macho yako. Na ukibadilisha injini ukaweka nyingine yenye namba tofauti, unatakiwa urekebishe rekodi zako NTSA, kwa sababu namba ya injini nayo imeandikwa kwenye logibuku. Injini ya bei rahisi isiyo na karatasi za ununuzi inaweza kukugeuza mshukiwa wa wizi. Hii niliiambia baraza nzima na hakuna aliyecheka.

Kuhusu kutuma pesa, nitasema machache kwa sababu mengi unayajua. Soma jina kabla ya PIN, kila mara, hata kama unamtumia mtu uliyemtumia jana. Usilipe "kushikilia" kitu ambacho hujakigusa. Ukikosea, tupigie ama fuata hatua za kurudisha muamala dakika hiyo hiyo; aliyepokea akishatoa pesa kwa wakala, sisi wenyewe mikono yetu inakuwa mifupi. Na mtu akikuharakisha, hiyo haraka ni yake.

Nyundo ya fundi wa pili

Tuktuk iliyoundwa mwishoni ilikuwa ya ami mwenyewe. Ilikuwa imesimama miaka miwili chini ya mkungu tangu injini ilipokufa, logibuku kwa jina lake, haina deni. Alitaka 50,000. Nilidhani tumemaliza, lakini fundi wa pili, mzee mmoja mtaratibu, alikuja na nyundo ndogo akaanza kugonga sakafu. Kok, kok, kok, halafu puf. Nyundo ikatoboa karibu na betri.

"Chuma cha bara na chuma cha bahari si kimoja," akasema. Kisiwani hapa hewa yenyewe ina chumvi. Asidi ya betri ikidondoka na chumvi ikakaa, sakafu inaliwa kutoka chini wakati juu rangi inang'aa. Ndiyo maana yeye hanunui mzoga uliopigwa rangi jana. Anapenda ule mbaya unaoonyesha makovu yake. Akagonga bomba kuu la chesisi mwanzo hadi mwisho, akalala chini kabisa kwenye mchanga kuangalia, akainuka akisema bomba ni zima. Bomba lingekuwa limeoza, alisema, angetushauri tuiuze kwa kilo kama chuma chakavu. Sakafu inabadilishwa, lakini bomba likishaliwa hakuna tuktuk hapo.

Nikampenda mzee yule. Fundi anayekueleza ni wakati gani kazi haifai ndiye wa kumpa kazi.

Tukapatana hivi. Vipande vyote binamu ananunua mwenyewe, na analipa dukani kwa namba ya till, hatoi pesa kwa wakala kwanza. Kutoa kuna ada, na zaidi ya hapo, ukilipa till unabaki na ujumbe wenye jina la duka, tarehe na saa. Mara mbili ujumbe ule ulitusaidia: klachi iliyokuja si saizi, na starta iliyogoma siku ya tatu. Risiti ya karatasi ya starta ilikuwa imelowa mafuta hata haisomeki. Ujumbe ulisomeka.

Ujira wa fundi, zile 20,000, ziligawanywa mara tatu: 6,000 akianza, 7,000 injini ikiwaka, 7,000 tuktuk ikipita ukaguzi. Angalia sehemu ya mwisho ni lini. Si siku ya kuchukua tuktuk, ni siku ya kupita ukaguzi. Fundi alinung'unika kidogo, halafu akakubali, kwa sababu alijua kazi yake. Makubaliano yote tuliyaandika kwenye ujumbe wa simu, sentensi nne, naye akajibu "sawa". Sentensi nne zinatosha.

Na pesa ambazo hazijafika zamu yake zilifungiwa kwenye akiba, si kwenye salio la kawaida. Binamu ana moyo mwepesi. Akiona salio anaona harusi ya rafiki.

Hesabu ya pesa ilikaa hivi: 140,000 za mwanzo, 30,000 alizoongeza katika miezi miwili ya kazi, jumla 170,000. Pengo la 20,000 lilizibwa na ami, ambaye alikubali kupokea 30,000 sasa na 20,000 baadaye kidogo kidogo, bila nyongeza. Usipokuwa na ami wa namna hii, pengo hilo lipange kabla ya kufungua injini, si baada. Nimeona mizoga mingi kwenye vichochoro vya mji, nusu imepakwa rangi, ambayo naamini ilisimama kwenye pengo la ukubwa huu huu.

Lini usiunde

Kama huna mtu unayemwamini anayejua chuma, nunua iliyo tayari, hata kama ni ghali. Kama hujawahi kuendesha tuktuk na ndiyo biashara yako ya kwanza, vivyo hivyo. Utakuwa unajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja na yote yanakula pesa. Kama unaacha kazi ya mshahara kwa ajili yake, basi hesabu ya siku inabadilika kabisa: kwetu siku moja ya kusubiri ilikuwa 500 kwa sababu binamu aliendelea kufanya kazi. Wewe utapoteza mshahara mzima.

Na njia yoyote utakayochukua, kuna gharama ambazo hazikwepeki, ndiyo maana hatukuziweka kwenye ulinganisho: kuhamisha umiliki, ukaguzi, bima ya abiria, stika ya kaunti, na leseni ya daraja lake, ambayo kwa tuktuk ni A3. Ziwekee fungu lake tangu mwanzo. Binamu alisahau bima, akakopa kwangu. Bado namdai.

Kazi ilichukua wiki kumi. Wiki moja zaidi ya nilivyoandika, na nne zaidi ya alivyosema fundi wa kwanza. Jumla ya vipande ilifika 193,500, kwa sababu ya kebo ya klachi ambayo hakuna aliyeikumbuka, rangi ya pili baada ya mtoto wa jirani kuandika jina lake kwa kidole, na kabureta.

Siku ilipotoka, abiria wa kwanza alikuwa nyanya. Alitaka apelekwe Mama Ngina akaone bahari, kisha arudishwe kupitia Ndia Kuu watu wamwone. Kichochoro cha kwetu ni chembamba, watoto walikimbia nyuma yake mpaka barabarani. Alipofika nyumbani akakataa katakata kushuka kabla ya kulipa. Akaniomba nimwandikie namba ya till iliyobandikwa mgongoni mwa kiti, akaweka PIN yake mwenyewe akiificha kwa buibui, mia moja. Simu ya binamu ikalia.

Tuktuk sasa ina mwezi wa tatu barabarani. Waipa bado haijafungwa. Anasema atanunua kabla ya masika.